Hita ya maji kwenye RV: zima, ipoe, toa presha, ndipo ushike spana

#1 FundiJangwani (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Nipo Arizona na kazi yangu ni kutengeneza RV, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na bafu humo humo. Siku hizi napigiwa simu na ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo kuliko zamani: manesi wa mikataba mifupi wanaohama hospitali hadi hospitali, madereva wa malori wanaotaka familia iwe karibu, vijana waliochoshwa na kodi za nyumba. Karibu wote wamenunua mtumba, na muuzaji amewakabidhi funguo bila kuwaonyesha hata hita ya maji iko upande gani.

Kilichonisukuma kuandika ni mzee mmoja niliyemkuta Quartzsite, lile jangwa linalojaa RV kila msimu wa baridi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye bandeji kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Alitaka kubadilisha fimbo inayolikinga tangi na kutu, akashika spana wakati hita imetoka tu kuzimwa. Alipofika meno ya mwisho fimbo ikachomoka kwa nguvu, na maji ya moto yakaifuata. Tangi lenyewe ni dogo, galoni 6, kama lita 23 hivi. Zinatosha kabisa kumbabua mtu.

Kwa hiyo kabla ya mengine yote: zima, ipoe, toa presha, ndipo ushike spana. Mpangilio huo usiuruke hata kama una haraka ya safari.

Sasa tuijue hita yenyewe. Zunguka nje ya gari, utaona mlango mdogo wa bati wenye matundu. Hapo nyuma yake ndipo ilipo. Za tangi huwa za galoni 6 au 10, na nyingi zinachemsha kwa njia mbili: gesi ya propani, au koili ya umeme wa volti 120. Kwenye mitumba utakutana sana na hita za kampuni mbili, Suburban na Atwood. Atwood ilinunuliwa na Dometic mwaka 2014, kwa hiyo za karibuni zina jina hilo. Suburban ina tangi la chuma lililopakwa utando wa kauri kwa ndani, na chini yake kuna fimbo ndefu ya magnesiamu ambayo ndiyo hiyo hiyo plagi ya kutolea maji. Kutu inaila fimbo, inaliacha tangi. Atwood tangi lake ni la alumini, halihitaji fimbo, na plagi yake ni ya plastiki. Usiende kununua fimbo ukaikaza kwenye tangi la alumini, utaharibu meno yake.

Juu ya plagi utaona valvu ya shaba yenye kishikio kidogo. Hiyo ndiyo valvu ya usalama. Inafunguka yenyewe presha ikifika psi 150 au joto likifika nyuzi 210 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 99 za Selsiasi. Ikifunguka, maji ya moto yanatoka nje ya gari, hapo hapo usawa wa kiuno cha mtu mzima na uso wa mtoto. Watoto wasizoeshwe kucheza mbele ya ule mlango.

Kusafisha tangi na kukagua fimbo, fanya hivi:

Zima gesi ya hita kwenye swichi ya ndani. Zima umeme wake pia, na hapa watu wanasahau: Suburban ina swichi ndogo nyeusi nje, pale pale nyuma ya mlango wa bati, chini upande wa kushoto, mbali na ile ya ndani. Mimi huzima na breka ya umeme juu yake, ile swichi inayokata umeme ukizidi. Kisha fungua bomba la maji ya moto jikoni uache yaendelee kutoka mpaka yatoke ya baridi, au iache hita ilale usiku mzima. Halafu zima pampu, funga maji ya kambi (yale ya mpira kutoka pale ulipoegesha), fungua tena bomba la moto ili presha iishe, na inua kishikio cha valvu ya usalama usikilize. Kama bado kuna mlio wa maji au hewa kusukuma, presha ipo. Ikinyamaza, sasa chukua spana ya soketi ya inchi 1 na 1/16 kwa Suburban. Simama pembeni ya tundu, siyo mbele yake.

Fimbo ikitoka itazame vizuri. Mpya ni nene na laini. Iliyotumika inakuwa na mashimo mashimo, na ile iliyoachwa muda mrefu unakuta umebaki waya mwembamba wa katikati wenye vinundu vyeupe. Ikiliwa robo tatu, badilisha. Fimbo ni bei ya chakula cha mchana, hita mpya ni mamia ya dola kabla hujamlipa fundi. Ndani ya tangi yatatoka maji ya kijivu na vipande vyeupe kama maganda ya mayai. Hiyo ni chokaa ya maji magumu, na huku Arizona tumejaliwa nayo. Chukua kijiti cha kusafishia tangi, kile chembamba chenye mdomo uliopinda, ukiunge kwenye mpira wa maji, ukisukume hadi mwisho wa tangi, uzungushe mpaka maji yatoke safi.

Nikirudi jioni nitaandika kuhusu gesi. Maswali yanakaribishwa.

#2 Mwana_Kwao

Mkuu, hii ni nondo. Niko hapa Ohio na RV ya mtumba, sijawahi hata kuufungua huo mlango wa bati. Naweka kambi kwenye uzi huu.

#3 NesiWaKakamega

Asante sana kaka. Mimi ni nesi, mkataba wangu wa sasa uko Phoenix na ninaishi kwenye RV ya futi 28. Shida yangu ni breka. Nikirudi zamu ya usiku nawasha AC, nawasha hita ya maji nioge, nikipasha chakula kwenye maikrowevu tu, gari lote linazima. Mwenye kambi ananiambia ninunue waya wa kuongezea nichukue umeme kwenye soketi ya pili. Nifanye hivyo?

#4 FundiJangwani

Dada, pole na zamu. Usinunue huo waya.

Tupige hesabu. Nadhani plagi yako ni ile ya ampea 30, yenye pini tatu. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, basi. Koili ya hita peke yake ni wati 1,440, yaani ampea 12. AC ya paa ikiwa inafanya kazi inakula ampea 13 hadi 15. Hapo umeshafika 25 na zaidi kabla hujagusa maikrowevu. Breka inafanya kazi yake vizuri.

Unapowasha AC, chemsha maji kwa gesi. Tangi la galoni 6 kwa gesi linapata moto ndani ya nusu saa hivi, na umeme linalotumia ni ule wa betri wa volti 12 kwa ajili ya ubao wa cheche unaowasha moto tu. Ukimaliza kuoga, zima. Koili ya umeme iache kwa miezi ambayo AC imelala.

Waya mwembamba wa kuongezea ndio unaochoma watu. Kila baada ya muda shika plagi ya gari lako pale kwenye nguzo ya umeme ya kambi. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kukuondosha mkono, au pini zimekuwa za kahawia, zima breka ya nguzo kwanza, kisha ichomoe na uibadilishe.

#5 Mtoto wa Pangani

Naomba kuuliza mleta uzi. Nimenunua RV Texas, mwenyewe wa zamani alisema "hita haichemshi kwa umeme, ila gesi iko poa". Hiyo inakuwa ni nini?

#6 FundiJangwani

Mara tisa kati ya kumi ni koili imeungua kwa sababu mtu aliwasha umeme tangi likiwa tupu. Koili ikikosa maji inaungua ndani ya sekunde, haikupi hata nafasi ya kujuta. Inatokea sana majira ya kuchipua: watu wanakuwa wamemwaga maji kabla ya baridi na kugeuza valvu za baipasi nyuma ya hita, gari likiamshwa wanajaza maji, bomba linatoka vizuri, wanadhani hita imejaa kumbe maji yanaipita pembeni.

Dawa yake: kabla ya kuwasha hita ya aina yoyote, fungua bomba la maji ya moto. Mwanzoni litatema hewa na kukohoa. Subiri mpaka maji yatoke mfululizo bila kukatika. Halafu nenda nje, inua kidogo kishikio cha valvu ya usalama hita ikiwa baridi. Maji yakitoka, tangi lina maji. Kwa gesi pia ni hivyo hivyo, usiwashe tangi tupu.

Koili mpya siyo ghali na inabadilishika, ila kwanza pima kwa mita ukiwa umezima breka. Kama hujui kutumia mita, hapo mlipe fundi.

#7 FundiJangwani

Nimerudi kama nilivyoahidi. Gesi.

Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini. Ndiyo maana king'ora cha gesi kwenye RV kimefungwa chini karibu na sakafu, na kikilia watu wengi wanakosea wakidhani ni kelele za betri. Kikilia, au ukisikia ile harufu ya kuoza: usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi yoyote, usiwashe gari. Toa watu wote nje, acha mlango wazi, funga valvu kuu ya tangi la gesi, piga simu ukiwa mbali.

King'ora cha kaboni monoksidi ni kitu kingine, ingawa vingine vimeunganishwa kwenye kasha moja. Kaboni monoksidi haina harufu. Wote tumesikia nyumbani habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani wakafunga madirisha wasiamke. Gesi iliyowaua ndiyo hiyo hiyo, na hita inayoungua vibaya inaitoa pia. Geuza king'ora chako nyuma usome tarehe. Vinaisha muda wake hata kama taa ya kijani bado inawaka, vingi ndani ya miaka 5 hadi 10 kutegemea aina. Kwenye mtumba mimi huanza na hiki kabla sijafungua boneti.

Sasa mwali. Ukifungua mlango wa bati hita ikiwa inaungua, tazama ndani ya bomba la kichomeo. Mwali mzuri ni wa bluu, umetulia, una sauti ya kuvuma sawasawa. Ukiona rangi ya njano inacheza cheza, au masizi meusi yamepaka mlango na ubavu wa gari, zima. Hewa haitoshi. Na kinachoziba hewa, mara nyingi sana, ni buibui na nyigu wa udongo. Wadudu hawa wanapenda kujenga humo, na mafundi wengi tunaamini ile harufu iliyowekwa kwenye gesi inawavutia. Buibui mmoja mdogo anafunga utando ndani ya bomba la kichomeo, gesi inatoka lakini hewa haichanganyiki. Usafishaji ni brashi ndogo ya duara na hewa ya kompresa, hita ikiwa baridi na gesi imefungwa. Usichokonoe tundu dogo la gesi kwa waya wala sindano. Ukilipanua kidogo tu, mwali wote unaharibika, na hapo dawa ni kununua lingine.

Kuna wavu mdogo unaouzwa wa kuzuia wadudu. Soma kitabu cha hita yako kabla ya kuufunga, maana wapo watengenezaji wanaoukataza kwa sababu unapunguza hewa.

Jambo la mwisho kwenye gesi. Hita za kisasa zinajiwasha kwa cheche. Ubao unajaribu, kwa kawaida mara tatu, ukishindwa unafunga gesi na kuwasha taa nyekundu. Watu wanazima na kuwasha, wanazima na kuwasha. Kila jaribio linaacha gesi kidogo ambayo haijaungua, na siku ikishika inashika kwa kishindo, mlango wa bati unaukuta kwa jirani. Ikishindwa mara ya kwanza, zima, subiri dakika tano, nenda jikoni uwashe jiko mpaka mwali utulie. Kama umetoka kujaza gesi, kuna hewa kwenye mabomba na jiko ndiyo njia salama ya kuitoa. Jaribu hita mara moja tena. Ikikataa, usilazimishe, tafuta sababu.

#8 Dereva wa I-40

Mleta uzi umeongea ukweli mtupu. Niongezee la barabarani. Ukiingia sheli kujaza mafuta, hita, friji ya gesi na kila chenye moto viwe vimezimwa kabla hujakata kona ya kuingia. Mwali wa hita uko nje ya ubavu wa gari, na mvuke wa petroli unatambaa chini kama hiyo propani. Mimi naenda mbali zaidi: nikiwa natembea nafunga valvu kuu kabisa.

Pia mahandaki. Baltimore, mahandaki ya Harbor na Fort McHenry yana masharti makali ya mitungi ya propani, na RV nyingi haziruhusiwi kupita. Zamani tulikuwa tunazunguka na daraja la Francis Scott Key, lakini tangu lilipoanguka Machi 26, 2024 baada ya kugongwa na meli, inabidi uzunguke na upande wa magharibi wa I-695, barabara kuu inayouzunguka mji. Panga muda wako.

#9 Kassim_Muscat

Dereva, mimi nakupinga kidogo la kufunga gesi muda wote. Watu wengi wanasafiri na friji ya gesi imewashwa na chakula hakiharibiki. Kufunga kabisa ni kujitesa.

#10 Dereva wa I-40

Kaka Kassim, friji yenye mlango umefungwa inashika baridi masaa kadhaa. Nimepita ajali nyingi hii barabara. Bomba la gesi likikatika na valvu iko wazi, wazima moto wanakuja kukuta kitu kingine kabisa. Mimi wanangu wako nyuma.

#11 FundiJangwani

Sheria hazifanani jimbo hadi jimbo, ila kwa hita ya maji sioni hata sababu ya mjadala. Nani anaoga gari likitembea? Hita izimwe. Ya friji kila mtu apime, mimi niko upande wa Dereva.

#12 MamaWawili

Habari za humu. Sisi tuko Colorado na watoto wawili wadogo. Maji yetu yananuka yai viza, yale ya moto tu, ya baridi hayana shida. Na nina swali la pili, joto liwe kiasi gani? Mwanangu wa miaka miwili anapenda kufungua bomba mwenyewe.

#13 FundiJangwani

Dada, nianze na la mtoto.

Themostati za hizi hita nyingi zimewekwa na kiwanda nyuzi 130 au 140 za Fahrenheit, yaani 54 au 60 za Selsiasi, na huwezi kuzipunguza kwa kitufe kama ya nyumbani. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa inasema maji ya 140 yanaunguza ngozi ya mtu mzima vibaya ndani ya sekunde sita. Ya 130, sekunde thelathini. Ya 120, dakika tano. Mtoto ngozi yake ni nyembamba zaidi.

Utasikia watu wanasema ushushe joto la tangi. Tatizo ni kwamba maji ya vuguvugu ndiyo yanayofuga bakteria wa Legionella, ambao wanashamiri kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi na hawastahimili 60. Kwa hiyo acha tangi liwe moto, punguza njiani: fundi akufungie valvu ya kuchanganyia kwenye bomba linalotoka nyuma ya hita. Inachanganya ya moto na ya baridi ili bafuni yafike ya 120 au chini. Mpaka utakapoifunga, anza kufungua baridi, ndipo uongeze moto, na mtoto asiachwe peke yake na bomba.

Sasa harufu. Kuna bakteria wasio na madhara makubwa wanaokula salfeti iliyomo kwenye maji, na fimbo ya magnesiamu inawanogesha. Kwa kuwa ni ya moto tu yanayonuka, wako ndani ya tangi. Dawa ni bleach ya kufulia isiyo na manukato, ile tunayoita jiki. Robo kikombe kwa kila galoni 15 za tangi la maji safi. Ichanganye kwenye ndoo ya maji kwanza, imimine tangini, ujaze maji, uwashe pampu, ufungue kila bomba la moto na la baridi mpaka usikie harufu ya klorini. Hita iwe imezimwa, na valvu za baipasi zigeuzwe ili maji yapite ndani ya hita, siyo pembeni, dawa iingie ndani yake. Iache masaa manne au zaidi, mwaga yote, suuza mara nyingi. Harufu ikirudi, badilisha fimbo uweke ya alumini yenye zinki.

Na tafadhali sana: wengine wanaondoa chokaa kwa siki. Siki peke yake ni nzuri, jiki peke yake ni nzuri. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na kwenye chumba kidogo kama RV hutapata pa kukimbilia. Fanya moja, suuza kabisa, siku nyingine ufanye ya pili.

#14 MamaWawili

Nimeelewa, Mungu akubariki. Valvu ya kuchanganyia naitafuta leo leo. Na baridi je? Huku inashuka mpaka maji yanaganda kwenye ndoo.

#15 FundiJangwani

Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na tangi au valvu inapasuka. Kama gari linalala bila mtu wala joto, mwaga hita kwa mpangilio ule wa #1, acha plagi nje mpaka itoe yote, geuza baipasi, kisha vuta dawa ya pinki ya kuzuia kuganda kwenye mabomba mengine. Iwe ile iliyoandikwa ni ya mabomba ya maji ya kunywa, ya propilini glaikoli. Ile ya rediaeta ya gari ni sumu, kiasi kidogo tu kinaua mtoto au mbwa. Baipasi inakuokolea galoni 6 za dawa ambazo zingejaza hita bure.

Kama mnaishi humo ndani majira ya baridi, hita ikiwa imewashwa haigandi. Mpira wa nje ndio unaoanza. Msiupuuze.

#16 JembeLaArusha

Wakuu, mimi niko Arusha. Nageuza Coaster iwe gari la safari, nataka kufunga ile hita ya gesi ya ukutani inayochemsha papo kwa papo, niiweke ndani ya kibafu. Kuna ubaya?

#17 FundiJangwani

Ndugu yangu, usifunge hivyo. Zile zinazouzwa kwa bei nafuu bila bomba la moshi ni za kutumia nje, hewani. Inavuta hewa ile ile unayovuta wewe na kurudisha moshi humo humo, na kibafu cha Coaster ni hewa ya dakika chache. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anahisi kizunguzungu, anakaa chini, basi.

Unayo njia mbili. Itundike nje, ubavuni au mlango wa nyuma, uoge kwa mpira wa shawa ulioingia ndani. Au nunua hita iliyotengenezwa kwa magari, ambayo chumba cha moto kimefungwa na inavuta hewa na kutoa moshi nje kwa tundu lake yenyewe. Na king'ora cha kaboni monoksidi weka kwa vyovyote, utafute hata kwa kuagiza.

#18 JembeLaArusha

Nimekupata mkuu. Naitundika nje.

#19 Kassim_Muscat

Hapo kwenye fimbo, mafundi wanabishana: tepu nyeupe ya bomba ifungwe kwenye meno au isifungwe? Nimesikia inakata mgusano wa fimbo na tangi, fimbo inashindwa kufanya kazi.

#20 FundiJangwani

Mimi nafunga mizunguko miwili mitatu, na fimbo zangu zinaliwa kama kawaida, maana yake zinafanya kazi. Unapokaza, meno yanakata tepu na chuma kinagusa chuma. Bila tepu zinashikana kwa kutu kiasi kwamba mwaka unaofuata unaivunja. Ukiwa na mita, pima kati ya kichwa cha fimbo na tangi, ubishi unaisha. Anza kuikaza kwa mkono mpaka ikatae, ndipo spana. Ukianza na spana unaweza kupishanisha meno, na tangi ndilo linaloumia.

#21 Mwana_Kwao

Mkuu, nimefungua ule mlango wa bati leo. Valvu ya usalama ilikuwa inadondosha tone tone kila nikichemsha maji. Jirani hapa kambini akasema ni kero ndogo, akaitoa na kuweka plagi ya shaba badala yake. Sasa haivuji kabisa. Imekaa sawa?

#22 FundiJangwani

Zima hita SASA HIVI. Gesi na umeme, na breka yake. Ukishamaliza rudi usome.

Ile valvu ndiyo kinga ya mwisho inayozuia tangi lisipasuke themostati ikishindwa. Ndani ya tangi lililozibwa maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha. Tangi likipasuka yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara elfu moja ya maji yake. Hita hiyo iko nusu mita kutoka kitandani kwako.

Usiiguse leo. Fungua bomba la moto ndani, uache litoke mpaka yawe baridi, ulale hita ikiwa imezimwa. Kesho zima pampu, funga maji ya nje, fungua bomba la moto ili presha iishe, toa maji yote kupitia plagi ya chini, ndipo uitoe hiyo ya shaba.

Dukani omba valvu ya presha na joto ya RV, na usome kibati chake: psi 150, nyuzi 210. Saizi ya meno linganisha na ile ya zamani kama jirani hajaitupa. Ile yenye kijiti kirefu kinachoingia ndani ya tangi ndiyo inayopima joto, usikubali isiyo nacho. Tepu kwenye meno, kaza, mdomo uelekee chini.

Kudondosha kwenyewe huenda hakukuwa ubovu. Juu ya maji ndani ya tangi panatakiwa pawe na hewa kidogo ya kupokea maji yanapotanuka kwa joto. Hewa hiyo inaisha polepole, maji yanakosa pa kutanukia, valvu inatema. Kuirudisha, hita ikiwa baridi, pampu na maji ya nje vimefungwa: fungua bomba la moto ndani, nenda nje uinue kishikio cha valvu mpaka maji yaache kutoka yenyewe, kiachie kijifunge kwa nguvu zake, funga bomba, rudisha maji. Ikiendelea kudondosha hata baada ya hapo, angalia presha ya maji ya kambi. Weka regyuleta ya psi 40 hadi 60 kwenye koki ya nje.

Ukishaizima andika hapa. Uko Ohio sehemu gani? Nina fundi ninayemwamini karibu na Columbus, nitamwomba apite kesho.

#23 Mwana_Kwao

Nimezima vyote mkuu, na breka nimeishusha. Niko dakika arobaini kutoka Columbus. Nakutumia namba inbox.